Talaka ya Kuombea Kazi

Juzi, katika ofisi ya kata ya Kagongwa, bibi mmoja aliingia akimsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu. Walikuwa wamesikia serikali italipa wanaohudumia wazee majumbani.

“Shikamoo, babu. Nani anakuogesha?” aliuliza afisa ustawi wa jamii.

“Marahaba. Huyu mke wangu.”

“Mke halipwi, babu. Tunalipa mtu wa nje.”

Babu akamgeukia mkewe, uso mkavu. “Basi leo nakupa talaka. Kesho uje uombe kazi.”

Bibi akakaza khanga kiunoni. “Ukiniacha, kwetu Didia watadaiwa ng'ombe wako wa mahari. Mwulize kwanza huyu mwanangu afisa kama serikali itawalipa hao ng'ombe.”

Ofisi nzima tulicheka. Bibi akamfuta babu udenda, wakaondoka. Kumbe kazi hiyohiyo, jirani akiifanya ni ajira, mke akiifanya ni ndoa.