Siku Niliyowafunga Kamba Watu wa Saruji

Naona haya hata kuanza, na mkitaka kunicheka nichekeni mapema, maana huko mbele hamtapata nafasi. Ilikuwa wakati ule wa utawala wa wanajeshi, mimi binti wa Kibuli niliyejifunza uchongaji (baba yangu, mwalimu wa madrasa, alishaninunia miezi kwa sababu ya sanamu, lakini hayo tuyaache), nikapewa ukumbi mjini nionyeshe kazi yangu: watu tisa wa saruji, wakubwa kama sisi, Mganda, Mnubi, Mwacholi, Mkongo, mama wa Kihindi, mchukuzi wa sokoni na wengine, wameshikana mikono duara zima, kuonyesha kwamba binadamu tuko namna nyingi lakini tumeshikamana.

Sasa, siku mbili kabla ya kufungua, viganja vya sanamu vikaanza kupasuka. Mzee Kalinda, fundi Mkongo wa Kamwokya aliyenisaidia kuzisimamisha, akasema, "Binti, tuahirishe." Nikamwambia hapana, kadi zimeshatoka, tutakata viganja na kuwaunganisha kwa kamba ya katani, mkono kwa mkono, tena itapendeza zaidi. Akanitazama, akaitazama kamba, akachukua kisu akaanza kuikata. (Kwa nini hukusema, mzee wangu?)

Jumamosi alasiri ukumbi ukajaa, walimu, makarani, akina mama ndani ya gomesi, magauni yao ya sherehe, na mgeni rasmi, kapteni mmoja aliyetumwa na wakubwa wake. Nikavuta shuka kwa madaha. Nikapiga makofi mwenyewe, nikidhani wameduwaa kwa uzuri, makofi yangu peke yake, pa, pa, pa, mpaka nikaona macho yao yameganda wapi: kwenye kamba. Ndipo nami nikaona. Watu tisa wamefungwa mikono, kama wale tuliokuwa tukiwaona wanapakiwa kwenye malori nasi tunageuza nyuso.

"Hii watu nani alifunga?" kapteni akauliza.

"Hawajafungwa, afande, wameunganishwa," nikajibu kwa kisauti kama cha paka.

Akazunguka, akasimama mbele ya mama wa Kihindi (na Wahindi walishafukuzwa nchini). "Na hii Muhindi alirudi lini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa woga nikaropoka, "Anaondoka leo leo, afande!" Mtu mmoja akacheka kwa pua. Kapteni hakucheka.

Kabla hajasema neno, mama mmoja akajitokeza katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya sanamu ya mchukuzi wa sokoni, akaanza kuifungua kamba kwa kucha na meno. "Baba Nansubuga," alikuwa akiiambia, taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa, "Baba Nansubuga, twende nyumbani." Mumewe alichukuliwa na wanajeshi mwaka uliopita, hilo nililijua baadaye. Na mimi, badala ya kwenda kumwinua, nikapiga kelele, "Mama, utaniharibia sanamu!"

Hiyo ndiyo aibu yangu. Hayo mengine si kitu.

Kamba ikaachia, sanamu ikayumba, Mzee Kalinda akaruka kuidaka asiiwahi, ikaanguka chali na kupasuka kichwa karibu na buti za kapteni. Nikafumba macho nikisubiri kukamatwa. Nilipofumbua, kapteni alikuwa amevua kofia, anakitazama kile kichwa sakafuni, jasho linamtiririka.

"Fungua wote," akasema kwa sauti ndogo. "Halafu funga mlango. Mimi hapa sikukuja." Akaondoka.

Nikazifungua zote nane mbele ya watu, Mzee Kalinda akizilaza moja moja chini, na jamani, kuziona zimelala vile kulitisha kuliko kuziona zimesimama.

Wiki iliyofuata nilikwenda Naguru kwa yule mama kumwomba radhi. Akanimiminia chai, hakuniacha hata nimalize maneno.

"Mwanangu, wala haikufanana naye," akasema. "Lakini ndiye peke yake niliyeweza kumfungua."

Nilishindwa kuinywa ile chai. Nikaapa palepale, kikombe mkononi, kwamba mtu akililia kazi yangu tena, hata akitaka kuivunja, aivunje, na mimi nipige magoti nimsaidie.