Siku Tuliyoposa Bila Kujua

Mama yangu akiulizwa na majirani zetu wa Amani mwanawe anafanya kazi gani, hujibu kwamba nafanya umbea wenye kibali. Sijapata kumkatalia. Nimeajiriwa kwenye utafiti wa afya ya uzazi kwa vijana, na kazi yenyewe ni kuingia majumba ya watu Unguja nzima, kukaa na wasichana, na kuwauliza mambo ambayo hata shoga zao hawathubutu kuwauliza: hedhi waliielewa vipi ilipowajia mara ya kwanza, uzazi wa mpango wameusikia wapi, wakiwa na swali humwendea nani. Wengi hudhani ni kazi ya aibu. Mimi naipenda. Nilizaliwa na mdomo, na hatimaye nimepata mahali pa kulipwa kwa ajili yake.

Kabla ya kupelekwa mashamba tulifundishwa katika ukumbi mmoja mjini, na somo lililorudiwa hadi likatuchosha lilikuwa ridhaa. Kwanza unaomba ruhusa kwa mzazi. Akikubali, unakaa na binti peke yenu, unamweleza, kisha unamuuliza kama anataka. Lazima ajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Akinyamaza, hujajibiwa.

Hapo sisi wanawake wa Unguja tulitazamana. Kwetu mwari akiulizwa kama amemridhia mume, akanyamaza, huhesabiwa kuwa amekubali, ila haya zimemzuia kusema. Mama yangu mwenyewe aliolewa hivyo. Alipoulizwa alikuwa na kitumbua mdomoni, na kabla hajakimeza vigelegele vilishapigwa. Baba alikuwa mtu mwema na waliishi vizuri, na mpaka leo mama akisimulia kisa hicho huyafutua mashavu kuonyesha yalivyojaa. Tulipokuwa watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu. Sikuwahi kumuuliza angesema nini lau mdomo ungekuwa mtupu.

Siku ya kwenda Matemwe mama alinitia mkononi kikapu cha halua. Nikamwambia hatuna ruhusa ya kupeleka zawadi.

"Uingie nyumba ya watu mikono mitupu, halafu ukawaulize habari za hedhi?" akasema. "Mie nlikulea hivyo?"

Kubishana na mama yangu asubuhi ni kujitafutia maradhi, kwa hiyo nikakibeba. Mwenzangu niliyepangwa naye, mkunga mstaafu wa Mji Mkongwe, mwanamke mnene mwenye mzaha usiokwisha, alipokiona alisema leo nimepata akili. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa baibui jipya na kujifukiza udi, maana hata kliniki hakuwahi kwenda bila udi.

Sheha, kiongozi wa kijiji pale, alishapeleka habari kwamba wanawake wawili wa mjini watakuja kwa ajili ya binti wa nyumba ile, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tulipiga hodi, tukapokewa kwa namna ambayo sijawahi kupokewa katika kazi hii. Maji ya bahari yalikuwa yametoka, na saa hizo wanawake wa Matemwe huwa pwani kwenye mwani wao, lakini mama wa nyumba alikuwa ndani, amejitanda kanga mpya. Mumewe, mchuuzi wa samaki, alikuwa amevaa kanzu na kofia za Ijumaa, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Palikuwa na mkeka mpya, sambusa, mikate ya kumimina na chai ya iliki iliyoletwa na bibi wa binti, kisha akarudi jikoni.

"Huu sasa ndio utafiti," mwenzangu akaninong'oneza.

Tukaamkiana, tukaulizana hali, nikatoa halua. Mama wa nyumba aliipokea kwa mikono miwili, akamtazama mumewe. Nikaanza maneno yangu niliyoyahifadhi.

"Baba, sisi tumekuja kwa shughuli ya utafiti. Tunaomba ruhusa yako tuzungumze na binti yako. Na tunaomba asilazimishwe. Akikataa, hatutaona ubaya."

"Maneno ya watu waliolelewa hayo," akasema. "Kutafiti ndiko kwenye busara. Na sie tutautafiti upande wenu."

Niliona ajabu kidogo, lakini nikamwambia ofisi yetu iko wazi, aje wakati wowote. Akaridhika.

"Na skuli yake?" mama wa nyumba akauliza kwa sauti ya chini, bila kuinua macho.

"Hatuigusi skuli, dada. Skuli kwanza."

Akashusha pumzi, nami nikamwona mama mwenye bidii na masomo ya mwanawe, basi. Baba akatoa ruhusa.

Nikaingizwa chumba cha ndani, pazia likashushwa. Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga imemfunika mpaka puani. Nilimwonea huruma, nikadhani anaogopa maswali, na kwa kutaka kumtua moyo nikaruka maelezo yote nikaenda penye muhimu.

"Mwanangu, wazee wako wamekubali. Lakini neno ni lako. Na wewe umekubali?"

Kimya. Akainamisha kichwa. Mara nyuma ya pazia kikapasuka kigelegele kirefu. Alikuwa bibi yake, ambaye nilidhani yuko jikoni. Kabla hakijakatika, majirani wa ng'ambo ya ua wakakiitikia.

Hapo nikaelewa. Halua, udi, kanzu ya Jumanne, mzee anayetaka kututafiti, yote yakanijia kwa mpigo. Kwetu watu hawaendi kuposa wakaitaja posa moja kwa moja. Huja na mazungumzo ya pembeni, na mzee wa watu alidhani utafiti wangu ni adabu tu za wageni. Ningeweza kucheka, lakini nilipomtazama yule binti na machozi yake yanayoingia kwenye kanga, hasira zilinipanda.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele, kwenye nyumba ya watu, chai yao ikiwa tumboni mwangu. "Hajajibu! Mtoto hajasema kitu!"

Nyumba ikatulia. Nikamgeukia. "Kunyamaza si jibu. Nataka nikusikie."

Akainua uso. "Sitaki," akasema, kidogo sana. Kisha sauti ikamtoka yote. "Sitaki! Nnataka kumaliza skuli! Sitaki mume wa Chukwani wala wa wapi!"

"Wa Chukwani?" nikasema. "Sisi hatuna mume, mwanangu. Tungekuwa naye ningemchukua mwenyewe."

Nilirudi kwenye mkeka nikakuta mwenzangu ameshika sambusa hewani, haiendi mdomoni wala hairudi sahanini. Kumbe wiki ile ile walikuwa wakiwangoja wanawake kutoka Chukwani, jamaa wa rafiki yake baba, waje kumposa binti. Sisi tukawatangulia, na halua juu. Nikaeleza upya, mara hii polepole, tumetoka wapi na tunatafuta nini. Bibi ndiye aliyeanza kucheka.

"Basi nirejeshieni kigelegele changu," akasema. "Pumzi zenyewe sina."

Tukacheka sote mpaka majirani wakaja kuchungulia. Baba alicheka mwisho, na kidogo, huku akilitazama lile pazia. Mama wa nyumba alitangaza kwamba posa imeharibika lakini halua hairudi, akaikata hapo hapo. Tulipomaliza kula niliingia tena chumbani, nikamweleza binti kila kitu kama nilivyofundishwa, nikamuuliza. "Hilo nimekubali," akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka pwani. Aliyonijibu baada ya hapo ni yake. Nitasema tu kwamba yeye aliniuliza mengi zaidi kuliko nilivyomuuliza mimi, na nilimjibu yote.

Njiani kurudi mjini mwenzangu alilala na kukoroma kwa raha. Mimi sikuwa na raha. Wanawake wa Chukwani walikuwa bado wako njiani, na sasa hatakuwepo mtu wa kupiga kelele nyuma ya pazia. Atainamisha kichwa tena, nikawaza, na bibi atakuwa ameshapata pumzi mpya. Niliogopa kwelikweli, na hofu ile sikuizoea.

Mwaka uliofuata tulirudi kwa awamu ya pili. Nilimwacha mwenzangu atangulie tulipoikaribia nyumba ile. Baba alikuwa nje akipanga matenga yake ya samaki. Alipotuona tu akapiga makofi.

"Waposaji hao! Na leo mmeleta halua?"

Tukamwamkia. Nikauliza habari za binti, nikiwa nimejiandaa kuambiwa yuko kwa mumewe.

"Yuko skuli. Kidato cha nne sasa. Ngojeni, ataingia hivi punde."

"Na wageni wa Chukwani?" mwenzangu akauliza. Yeye ni mbea kuliko mimi.

"Walikuja siku ya pili yake. Halua yao kubwa kuliko yenu." Akaliweka tenga chini. "Wakataka mtoto aulizwe. Nkawaambia mwanangu keshaulizwa. Wakasema, kaulizwa na nani? Nkasema, na watu wa utafiti, na kajibu kwa mdomo wake, nyumba nzima imesikia. Sasa nimuulize tena ya nini? Ili safari hii anyamaze?"

Nilijifanya natafuta kitu mkobani mpaka macho yakakauka.

Jioni hiyo, baada ya sala ya magharibi, nilimsimulia mama. Alicheka, akafutua mashavu yake kama kawaida. Nami, kwa mara ya kwanza, nikamuuliza: lau si kile kitumbua, angesema nini?

Mashavu yakashuka.

"Ningesema ndiyo," akajibu. "Baba yako nlikuwa nshamwona, na nlimpenda. Lakini ningelisema mwenyewe."