Sanduku Lililotoka Namtumbo

Kazi yangu ni kutafsiri tamthilia za kizungu. Naingiza sauti yangu juu ya ile ya waigizaji, tunauza kwenye flashi, na mabanda ya video ya Songea yananijua kwa sauti kuliko kwa sura. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, nisipoelewa, natunga.

Hizo za kijasusi zote ni baba mmoja mama mmoja. Lazima pawe na bomu la nyuklia la kubebwa mkononi, ndani ya sanduku linalong'aa, na jamaa asiyekubali kusaidiwa kulibeba. Mwaka jana nilipofika hapo nikaona niwachangamshe watu: nikasema mzigo umetoka hapo Namtumbo, kwenye madini ya urani. Mtaa wetu mzima wa Mfaranyaki ulicheka, nami nikavimba kichwa.

Wiki chache baadaye, mchana, nilikuta watu wamemzunguka mzee mmoja kwenye kituo cha bodaboda. Ametoka Namtumbo. Ana sanduku jipya la bati, amelikumbatia, na amekataa katakata lisifungwe nyuma ya pikipiki.

"Mzee, fungua tuone," dereva mmoja alisema. "Haya mambo tumeyaona kwenye video."

Baadhi walikuwa wanatania, lakini wengine walikuwa na hofu ya kweli. Nilijua imetoka wapi. Kusema tu kwamba nilitunga kungetosha kumwokoa mzee wa watu. Sikusema. Niliogopa kuchekwa, mimi niliyezoea kuchekesha.

Mzee alipiga magoti akafungua. Vitenge, gauni la kanisani, sidiria mbili, kilemba. Akaeleza kwamba ni nguo za marehemu mkewe. Alikuwa anazipeleka ukweni, Mshangano, zikagawiwe siku ya kumaliza msiba, na kabla ya hapo hazishikwi na mtu baki. Watu wakatawanyika mmoja mmoja bila hata kumpa pole. Alizikunja upya, zile sidiria akazitanguliza chini kabisa.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. "Shikamoo, mzee. Pole sana."

Akainua uso. "Marahaba. Hiyo sauti naijua. Si wewe wa kwenye video? Marehemu alikupenda sana, mwanangu. Hata alipolazwa tulikuwa tunamwekea kwenye simu, anacheka."

Nikamjibu, "Asante, mzee."