Kaseti Isiyozunguka

Nimerudi kutoka Likombe juma lililopita na mpaka leo sijakaa nikatulia. Tulikwenda kutoa vitu kwenye nyumba ya marehemu baba. Chini ya kitanda, ndani ya kitambaa cha meza, nikaikuta deki yake ya kaseti. Nikakaa chini nabonyeza vitufe kimoja kimoja huku wenzangu wakiniita tubebe kabati. Unanijua, jambo likishanigusa silali. Basi nivumilie nikusimulie, nisije nikasema na ukuta.

Miaka ya tisini baba alikuwa karani bandarini, na deki ile aliinunua kwa baharia. Ilikuwa na milango miwili ya kaseti, sindano mbili zilizocheza na sauti, na tarakimu tatu ndogo za kuhesabu utepe. Mtaa mzima walileta kaseti zao kunakiliwa, za taarabu, za kaswida, za dansi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na baba alinifundisha kila kitu: kusafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, kukaza utepe kwa kalamu, kunawa kwanza kama nimetoka kubangua korosho.

Jumamosi mchana nilipiga magoti pale kuvizia nyimbo za redio. Ujanja ni huu: unabonyeza kitufe cha kurekodi ukiwa umeshabonyeza cha kusimamisha. Deki inakaa tayari, sindano zinacheza, lakini utepe hauzunguki. Mtangazaji akinyamaza, unaachia cha kusimamisha, na wimbo unaingia tangu mwanzo. Loo, yule mtangazaji alivyokuwa na maneno! Goti linauma, moyo unadunda, na umeme wetu nao haukuwa wa kuaminika. Nilizoea kuvizia hivyo mpaka vidole vilifanya vyenyewe bila kuniuliza.

Deki hiyohiyo ilituandikia barua. Mtu asiyejua kalamu alikuja na kaseti yake, akasema, nikamrekodia, ikasafiri na lori au basi. Barua ya kaseti ilianza na salamu, na kila anayesalimu lazima atajwe. Ukimsahau mmoja, atakununia mwaka mzima.

Sasa, baba alikuwa na mdogo wake, baba yangu mdogo. Huyo aliuza mikorosho ya marehemu babu kwa siri, mti hata mmoja hakubakiza, akaenda zake Dar. Baba akapiga marufuku jina lake nyumbani kwetu. Bibi, mama yao, alikuwa anaishi Msimbati. Alikonda tu.

Siku moja asubuhi, baba yuko kazini na mama yuko sokoni, Bibi akashuka kwenye pikapu ya Msimbati na ming'oko, viazi vyetu vya porini, ndani ya kikapu. Alikuwa ameficha kaseti mpya kwenye pindo la kanga.

"Mama, funga mlango," akaniambia. Ndivyo alivyoniita, mimi mjukuu wake wa kike. "Nataka kusema na mwanangu. Baba yako asijue."

Nikapanga maikrofoni, nikabonyeza. Bibi akakohoa, akaanza salamu. Alisalimia kwa niaba ya majirani, wakwe, mwalimu wa madrasa, na mwanamke mmoja aliyegombana naye, "naye anakusalimu, ingawa hakusema." Nilibana kicheko. Kisha sauti ikabadilika.

"Ile mikorosho nimeshaililia, imetosha. Rudi. Kama huna cha kuleta, njoo hivyohivyo na kandambili zako. Mimi sina kinyongo, mwanangu. Nataka nikuone unakula."

Alilia, nami nililia. Alipomaliza nikageukia deki nizime. Tarakimu zote tatu zilikuwa sifuri. Kitufe cha kusimamisha kilikuwa chini tangu mwanzo. Sindano zilikuwa zikicheza na sauti yake, nami nikaziamini, kumbe utepe haukusogea hata unywele.

"Imeingia?" Bibi akauliza, anajifuta macho.

Nikasema, "Imeingia, Bibi."

Akaichukua kaseti tupu, akaibusu, akaenda kumpa dereva wa lori la korosho aliyejua gereji anakofanya kazi baba mdogo.

Toka siku hiyo sikuwa na raha. Kila pikapu ya Msimbati ikija, mtu analeta swali la Bibi: amejibu? Hakuna. Mwezi wa kwanza, wa pili. Siku moja akaja mwenyewe, akakaa jikoni kwetu, akaninong'oneza, "Basi hanitaki tena." Akasukuma sahani ya muhogo. Ningeweza kusema palepale. Niliogopa fimbo ya baba, lakini zaidi niliogopa uso wa Bibi.

Jumamosi iliyofuata nikachukua kaseti ya nyimbo zangu, ile niliyoivizia miezi, nikarekodi juu yake. Nilikuwa na mafua. Nikaungama kwanza, kisha nikasema maneno yote ya Bibi, salamu moja baada ya nyingine, hata ya yule hasimu wake, mpaka kandambili. Macho hayakutoka kwenye tarakimu. Nikampelekea dereva yuleyule, nikamwapisha asimwambie mtu.

Baba mdogo alikuja na mfuko mmoja wa plastiki, siku ambayo Bibi yuko kwetu. Kaseti ile tupu, alinisimulia baadaye, aliisikiliza pande zote mbili, akaamua kwamba mama yake amemtumia kimya chake. Baba alipotoka bandarini akamkuta barazani na Bibi. Akavua viatu. Kisha akauliza, "Umekula?" Nikajua yameisha.

Kesho yake Bibi akasema, "Hebu niwekeeni ile kaseti nijisikie." Hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe maishani. Baba mdogo akanitazama, akasema, "Mama, redio ya gereji iliutafuna utepe." Bibi akacheka. "Si kitu. Mtanirekodi tena."

Tukasema Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo umeme haukuwepo. Nyingine kulikuwa na harusi, nyingine nilikwenda kucheza tu, ndiyo, kucheza. Masika yakaingia, Bibi akaugua Msimbati, akazikwa hukohuko. Amekufa akijua sauti yake ilifika Dar.

Siku hizi watu wanarekodi hata kuku wakidonoa. Sisi, ukoo mzima, hatuna neno moja la Bibi kwa kinywa chake. Baba mdogo bado anayo kaseti yangu. Anasema akitaka kumsikia mama yake huiweka, na kinachotoka ni mtoto mwenye mafua, anahesabu salamu za watu ambao karibu wote wamekufa, na anajikaza asilie.