Chupa Nzima ya Chai

Mzee niliyekuwa nikimtunza nyumbani kwake kule Maplewood alikaa katika bunge la jimbo la Minnesota kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku ya kwanza nilimwambia wazi kwamba alikaa mno. Kwetu Kenya rais akimaliza mihula miwili anaenda nyumbani, na hilo tulilipigania. Hakukasirika. Alisema bunge lao halina kikomo cha mihula, na wapiga kura ndio waliomrudisha.

Nikapika chai ya maziwa, nikajaza chupa nzima kama nilivyozoea. Akaniuliza ni nani anakuja. Nikamjibu hakuna, ila kwetu chai hupikwa ya kumtosha hata mgeni ambaye hakualikwa.

Aliitazama ile chupa. Akasema ofisini kwake alikuwa na moja ya kahawa, na wabunge wa chama pinzani walikuwa wakiingia bila kubisha, wakijimiminia na kubishana naye kuhusu bajeti mpaka iishe. Baadaye wakaanza kupita mlangoni wakiangalia simu. Kuonekana wakinywa naye kungewaponza kwa watu wao.

"Hapo ndipo nilipopaswa kuondoka," akasema. "Nilikaa miaka sita zaidi, kila jioni nikiimwaga kahawa."

Nikamjazia kikombe, nikajaza na changu, nikaketi naye, jambo ambalo kazini haturuhusiwi.

Mimi nina miaka tisa nikiishi Eagan, mji mwingine wa huku Minnesota. Kila Jumapili napika chupa nzima, na jioni naimwaga kwenye sinki.