Uso wa Kuazima

Nikisikia harufu ya gundi ya unga wa muhogo, hata leo, pua inanirudisha nyumbani kwetu Tshopo, Kongo, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Papa alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Vitabu vya Wazungu vilivyoliwa na mchwa vililetwa kwake, akavishona upya barazani, nami nikakatazwa hata kupumua karibu. Sikutii sana.

Siku moja kililetwa kitabu kizee cha safari, kimejaa ndege, nyoka na watu wa mto wetu. Kila picha ilifunikwa kwa karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu. Papa alipoinua mojawapo, nikaona maporomoko yetu: miti iliyosimikwa kwenye maji makali, mitego mikubwa ya kusuka ikining'inia, na mvuvi juu ya jiwe. Niliduwaa. Sikujua kwamba mto unaweza kuingia kitabuni.

Koko, bibi yangu mzaa papa, aliacha kutwanga pondu, majani ya muhogo, akaja. Maji yalimchukua baba yake yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na maisha yake yote jambo moja lilimliza: hakuijua sura ya baba huyo. Wazee walimwambia Mzungu mmoja aliwahi kumchora palepale majini.

"Huyu iko papa yangu," alisema. Akapiga magoti, akaiamkia picha.

Akawa anakuja kuitazama kila asubuhi. Kisha papa akaletewa kitabu kingine cha wachapaji walewale, cha nchi ya mbali ya nyasi. Alikifunua. Mvuvi wetu alikuwa humo, uso uleule, kovu lilelile, ameshika jembe, na chini yake wameandika kabila jingine.

Papa hakuwa mtu wa kuficha. "Mama, aliyechonga picha hizi kwenye ubao wa kuchapia hakufika Kongo. Alikaa kwao Ulaya, msafiri akamletea michoro ya mahali, nyuso akazitoa kichwani mwake. Bon, uso ukiwapendeza, wanautia tena katika kitabu kingine."

Nilimwonea Koko huruma. Yeye aliufunika uso wa mvuvi kwa kidole gumba, akaitazama picha iliyobaki.

"Na jiwe? Jiwe pia waliazima?"

Papa akainama. Jiwe lilikuwa limepasuka mgongoni, pembeni mwa mkondo. Kwa wavuvi wetu, mahali pa kutegea ni urithi wa nyumba. Mtu hasimami kwenye jiwe la mwenzake. Lile lenye ufa lilikuwa la nyumba ya baba yake Koko tangu zamani.

"Jiwe iko yetu, Mama," papa alikubali.

Kesho yake Koko alinishika mkono tukaenda kwenye maporomoko. Juu ya jiwe lile alikuwa tonton wangu, mtoto wa kaka yake Koko, akifunga kamba na kulalamika kwamba samaki siku hizi wana kiburi. Koko alimlea tangu utotoni, lakini alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Geuka huku," alimwambia.

Akageuka. Na Koko, mkubwa wake, akapiga magoti huku machozi yakimtiririka. Tonton aliona haya, akaiacha kamba ichukuliwe na maji.

Nilidhani Koko analia kwa sababu kitabu kilimdanganya. Papa alipokwisha kufa, nami nikazaa mtoto mwenye masikio yake, ndipo nilipoelewa Koko alikuwa anamwamkia nani katika uso wa tonton.