Bi Tunu na Vichwa vya Chewa

Bi Tunu wa Kimbiji amepaa samaki miaka thelathini na moja, na muda wote huo hajapata kukiri kwamba yupo mtu mwingine duniani anayejua kutumia kisu. Chake amekinoa mpaka kimebaki kama kijiti cha kuchokolea meno. Ukimwambia anunue kingine atakuuliza kama na mkeo utambadilisha kwa sababu amekonda.

Lakini jina lake lilijengwa na supu. Kuna chewa wale wakubwa, wanaokaa kwenye mapango ya mwamba, mwingine urefu wake mtu mzima na kofia yake. Kichwa kimoja kilijaza sufuria la pilau la harusi. Watu walitoka Buguruni, wakatoka Gongo la Mboto, wakarushwa na mashimo ya barabara mpaka viuno vikalegea, wakafika, wakanywa bakuli mbilimbili na kulala palepale mkekani. Halafu chewa wakaadimika, kijiji kikapiga marufuku kuwavua, na Bi Tunu akabaki na vichwa vya tasi vinavyoenea kwenye kikombe. Mwaka wa sita huu. Wateja wa mbali walishamsahau.

Kwa hiyo siku ya mkutano wa kuamua kama marufuku ilegezwe, alifika banda la mnada kabla ya mwenyekiti, kanga mpya, akakaa mbele. Anachotaka hakukificha: anataka vichwa vyake virudi.

Aliyeleta hoja ni Haroub, mwenye majokofu ya samaki. Chewa kumi kwa mwaka, basi, na wawe wakubwa tu, mita moja na nusu kwenda juu.

"Wadogo tunawaacha wazae," alisema. "Hawa wakubwa wazee, kazi wameshamaliza. Wamejilaza pangoni wanakula bure."

Watu wakacheka na kuitikia. Mwenyekiti Nassibu akachukua kalamu ahesabu mikono. Bi Tunu alikuwa na jambo analijua, akalinyamazia, maana kunyamaza kungemrudishia sufuria lake. Angenyamaza mpaka mwisho, lau Haroub naye angefunga mdomo.

"Kichwa cha kwanza tutampa Bi Tunu atupikie," Haroub akaongeza. "Yeye kazi yake ni kupaa na kuchochea moto. Habari za uzazi wa samaki atuachie sie tuliosoma."

Hapo akaharibu. Bi Tunu unaweza kumnyima kiti, hata mume, akakusamehe. Usimwambie hajui samaki.

Akasimama. "Haroub mwanangu, umewahi kumpasua chewa?"

"Mie nauza, mama yangu, sipasui."

"Basi tulia nikufundishe. Hao wakubwa nimepasua zaidi ya mia. Hakuna niliyemkuta na mayai. Hata mmoja! Tumboni wana kitu cheupe, kizito kama tui la kwanza. Madume hao. Mayai wanayo wadogo, wa saizi ya mkono. Chewa anaanza jike, akishakuwa jibaba ndipo anageuka dume. Sasa nyie mnataka kubeba wanaume wote, muwaache wanawake wazae. Wazae na nani? Na wewe?"

Banda zima likalipuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akateleza kwenye benchi. Haroub akawageukia wavuvi wa zamani wamtetee, na watatu wakasema ni kweli, wao pia hawajawahi kuona yai kwa chewa mkubwa, ila hawakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Aitwe mtaalamu," Haroub akasema.

"Aitwe," Nassibu akajibu. "Ila kura ni leo. Wanaotaka tulegeze, mikono juu."

Ikanyooka minne. Wa Haroub, wa shemeji yake, wa dereva wake. Na wa Bi Tunu, umekwenda juu kuliko yote.

"Bi Tunu! Si wewe uliyetuambia sasa hivi?"

"Niliwaambia ninachokijua. Sasa umeuliza ninachokitaka."

"Kwa hiyo nikuandike wapi?"

"Niandike mkono ulipo, mwenyekiti. Mie nataka supu yangu."

Nassibu akamwandika. Waliobaki wote wakapinga, marufuku ikabaki vilevile. Bi Tunu akajifunga kanga kiunoni, akatoka kwenda kuwahi vichwa vya tasi, na njiani kila aliyempa hongera alitukanwa.